Lita ya Asali Si Kilo ya Asali

Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, na pale mlangoni kaninong'oneza, "Mwalimu, leo tuachie ile habari ya asali." Siwaachii, walimu wenzangu. Siku nitakapoingia darasa lolote hapa Arua, Uganda, nikute watoto wanaojua kwamba lita moja si lazima iwe kilo moja, nitanyamaza.

Marehemu mjomba wangu alifuga nyuki. Kila msimu alikuja mnunuzi na pikapu, wakapatana bei ya kilo. Mzani? Hakushusha mzani. Aliitazama jerikeni ya njano, ile ya lita 20, akasema, "Mzee, hii kilo ishirini," akaanza kuhesabu noti. Mjomba aliitikia, maana jerikeni kama hiyo alibebea maji maisha yake yote, na ya maji ni kilo ishirini kweli. Mimi nilikuwa S2, yaani kidato cha pili. Densiti ni tungamo, yaani kile tunachosoma mzanini kwa gramu au kilo, gawanya kwa ujazo: hata usingizini ningekuimbia. Tena mimi ndiye niliyezipakia, kiuno kinalia, nikajisemea labda sikushiba asubuhi. Kanuni ilikuwa daftarini, jerikeni iko mgongoni, na wala havikukutana.

Haya, tuvikutanishe. Asali iliyoiva ina densiti ya karibu gramu 1.42 kwa sentimita moja ya ujazo. Lita 20 ni sentimita za ujazo 20,000. Zidisha: gramu 28,400. Kilo 28.4, jamani! Kila jerikeni mzee alitoa kilo 8.4 za bure. Akiuza tatu, amegawa kilo 25.2. Na bwana yuleyule alikuwa na duka. Mafuta ya kupikia akiuza jerikeni ya lita 20 kwa bei ya "kilo ishirini", na mafuta hayo hayafiki hata kilo 18 na nusu. Asali anakula, mafuta anakula.

Najua kuna anayesema moyoni, "Lakini maji lita ni kilo." Ndiyo, kwa sababu maji ndiyo yaliyofanywa kipimo. Mwaka 1795 Wafaransa waliamua gramu iwe tungamo la sentimita moja ya ujazo ya maji baridi. Asali hawakuiuliza.

Mwingine atasema shule yake haina maabara. Una chupa ya soda? Una mzani wa dukani? Pima chupa tupu: tuseme gramu 24. Tia maji mpaka alama uliyochora mwenyewe kwa kalamu, pima tena: 524. Maji ni gramu 500, basi mpaka alama ile ujazo ni sentimita za ujazo 500. Maandishi ya kiwandani usiyategemee, chupa ikijaa pomoni huchukua zaidi. Mwaga, kausha vizuri, tia asali mpaka alama ileile, subiri povu lipande juu, maana hewa itakudanganya. Mzani unasema 734. Toa 24, inabaki 710. Gawanya kwa 500. Hiyo 1.42 mtoto haisahau, kwa kuwa vidole vyake vinanata.

"Mtihani hauulizi asali, mwalimu." Mtihani unampa mtoto tungamo, unampa ujazo, anagawanya. Hiyo ni hesabu ya P5, darasa la tano la msingi! Fizikia ni kujua upime nini na utoe nini. Wanaosahau kutoa chupa ni wengi, na majibu yao ninayo, ningewasomea mcheke. Mtaala huu ulioanza na S1 mwaka 2020 unataka mtoto afanye kwa mikono. Tusiugeuze nao kuwa wimbo.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Upesi basi: kutoka gramu kwa sentimita ya ujazo kwenda kilo kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 1,000. Jiwe lisilo na umbo, lifunge uzi, lizamishe, soma maji yamepanda kiasi gani: huo ndio ujazo wake. Ukiigawa asali nusu kwa nusu, densiti haigawanyiki. Hilo waulizeni wanafunzi kesho, mtashangaa. Joto nalo lina maneno yake, naliacha.

Hapa mezani nina chupa mbili za asali. Moja nimeitia maji jana usiku, makusudi. Mzani ule pale. Binti wa mstari wa mbele, njoo utuambie ni ipi. Na usionje.