Kutenganisha chembe nyeupe za damu kwa Ficoll

Karibuni tena maabara, hapa Kigoma. Leo tunatoa limfosaiti na monosaiti, aina mbili za chembe nyeupe, kwenye damu, na mtafiti anazitaka zikiwa hai. Vaa koti, glovu na miwani. Damu ya mtu yeyote ichukulie kama ina maambukizi.

Hii ni mililita 10, mwenyewe ameridhia itumike kwenye utafiti. Ipo kwenye tyubu ya heparini, dawa inayozuia damu isigande, haikuwekwa kwenye friji. Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia chembe, nimeitoa friji mapema ipate joto la chumba. Changanya damu na PBS, yaani maji ya chumvi yasiyodhuru chembe, sawa kwa sawa, pindua tyubu taratibu, usitikise.

Sasa angalia mkono wangu. Kwenye tyubu ya mililita 50 nimetangulia kuweka Ficoll mililita 15. Naiinamisha tyubu, ncha ya pipeti inagusa ukuta, damu inateremka yenyewe. Unaona? Imetanda juu kama mawese kwenye mchuzi. Ukiona wekundu unashuka kama moshi, umeharakisha. Hapa usione haya kutumia dakika tano nzima. Ficoll ina uzito wa gramu 1.077 kwa mililita. Limfosaiti ni nyepesi kuliko hiyo, chembe nyekundu na granulosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, ni nzito, zitazama.

Sawazisha tyubu kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha, zungusha kwa 400 g (nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia, si gramu) dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Narudia: breki imezimwa. Niliwahi kuisahau, nilipofungua mfuniko nikakuta ukungu mtupu, na damu ile mgonjwa alishaitoa, sikuwa na uso wa kumwomba nyingine. Tangu siku hiyo naishika swichi kwa kidole kabla ya kufunga.

Haya, imetoka. Iinue dirishani. Juu plazma ya manjano, chini kabisa wekundu, na kati ya plazma na Ficoll kuna pete nyembamba, nyeupe kama maji ya mchele. Ndiyo hiyo! Ivute kwa pipeti ukizunguka ukutani, usizame kwenye Ficoll.

Osha mara mbili kwa PBS, 300 g dakika 10. Kisha hesabu kwa rangi ya tripani: zilizokufa huwa bluu. Mtu mzima mwenye afya, mililita 10 hutoa kama chembe milioni 10.

Za kugandisha ziwekee DMSO asilimia 10, kemikali ya kuzikinga na barafu, halafu usizubae. Zipeleke kwenye baridi mara moja, maana DMSO kwenye joto la chumba inaziua.