Mahali pa Kufunga Antena ya ELT katika Ndege Ndogo

Mabibi na mabwana, mafundi, marubani na wenye ndege mliofika hapa Kisumu, swali nililoombwa kulijibu ni fupi: antena ya ELT, yaani kile kifaa kinachojiwasha ndege inapoanguka na kuanza kuomba msaada, ifungwe wapi? Antena nyingine zote huwa tunazifunga tukiifikiria ndege ikiwa angani. Hii peke yake hutudai tuifikirie ndege iliyokwisha kuvunjika, pengine imepinduka magurudumu juu ndani ya msitu wa Mau.

Macho ya watafutaji hayatoshi. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyoondoka Kitale kwenda Nairobi ilianguka katika milima ya Aberdare ikiwa na watu 10, na mabaki yake yakaonekana tarehe 7. Sisemi kwamba antena ndiyo iliyochelewesha utafutaji huo. Nasema tu kwamba msitu na mawingu ya huko huificha ndege barabara.

Tangu tarehe 1 Februari 2009, setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa kutafuta na kuokoa, zimeacha kusikiliza masafa ya megahezi 121.5, na sasa husikiliza 406. Katika masafa hayo kifaa hutuma ujumbe wa wati 5 unaodumu takriban nusu sekunde, kila baada ya sekunde 50 hivi, na ile 121.5 imebaki ya kuwaongoza waokoaji waliokwisha kukaribia. Kwa hiyo antena sharti ione anga: ifungwe juu ya kiwiliwili cha ndege, wima, nyuma ya chumba cha abiria na mbele kidogo ya pezi la mkia. Pua inapogonga ardhi, sehemu hiyo ya nyuma ndiyo ambayo kwa kawaida husalimika zaidi, na ndege ikipinduka, pezi lenyewe huweza kuunyanyua mkia kiasi cha kuiachia antena nafasi.

Hata hivyo, ningelazimika kuchagua kati ya antena iliyo mahali pazuri lakini mbali na kifaa, na nyingine iliyo mahali pa wastani lakini karibu nacho, ningeichukua hii ya pili bila kusita, kwa sababu kinachokatika ni kebo. Tarehe 9 Agosti 2010 ndege aina ya Otter ilianguka huko Alaska, na aliyekuwa seneta wa Marekani Ted Stevens akawa miongoni mwa waliofariki. ELT ya ndege hiyo ilijiwasha kama ilivyotakiwa, lakini ilikuwa imechomoka katika kishikizo chake na kutengana na antena, hivyo hakuna aliyeusikia mwito wake, ilhali watu wanne walikuwa hai katika mabaki wakisubiri. Basi kifaa na antena vikae katika kipande kimoja cha ndege. Kebo iwe fupi, isivuke kiungo kinachoweza kuachana, na iachwe na ulegevu kidogo ili isichomolewe na mshtuko. Kishikizo nacho kikazwe sawasawa.

Antena ya namna hii huhitaji bamba la metali chini yake. Ndege ya alumini inalo tayari, mradi rangi ikwanguliwe pale kitako cha antena kinapogusa bati. Ndege ya kitambaa au ya nyuzi za kioo haina, kwa hiyo fundi hubandika ndani vipande vya karatasi ya alumini vinavyotawanyika kutoka kwenye kitako kwa takriban sentimita 60 kila upande, urefu unaokaribia robo ya wimbi la 121.5. Nyuzi za kaboni huzuia mawimbi, kwa hiyo asiwepo wa kuificha antena ndani ya kiwiliwili cha aina hiyo eti ndege ipendeze. Iwekwe pia mbali na antena za redio ya mawasiliano, kwa umbali ulioandikwa katika kitabu cha mtengenezaji.

Kwa wale wanaoruka kwenda visiwa vya Mfangano na Rusinga katika Ziwa Victoria, mawimbi haya hayatoki chini ya maji. Ndege ikizama ziwani, antena iliyofungwa vizuri kuliko zote haina kazi tena, na kinachobaki ni kifaa kidogo cha dharura kilichofungwa kwenye jaketi okozi la rubani mwenyewe, ambacho hakigharimu nafasi yoyote kwenye kiwiliwili cha ndege.