Kwa nini siwatumii rigani ya Krete

Haya jamani, karibuni. Leo siendi popote, nimekaa hapa kwa sababu kila nikifungua komenti nalikuta swali lilelile: "dada hayo majani unayachuma bure mlimani, si ututumie tuuze?" Nikijibu, huyu anasema naringa, yule anasema nalalamika, mwingine ananiita mchoyo. Basi nisikilizeni mpaka mwisho.

Yale majani ni rigani, oregano ile ya kwenye pizza, ila hii inajiotea yenyewe huku Krete, kisiwa cha Ugiriki ninakoishi, kwenye vilima vikavu vya mawe. Ukali wake unatokana na kitu kilichomo kwenye mafuta yake, kinaitwa kavakroli, ukiisugua tu mkono wote unanukia. Inakatwa ikiwa na maua, yale meupe, mwezi wa sita wa saba hivi, unatumia mkasi, mzizi hauguswi kabisa, halafu unafunga mafungu unaning'iniza kivulini. Na ikikauka inanywea, yaani furushi zima linabaki kidogo mno. Mimi naipenda jamani, nyanya, jibini la feta na rigani juu, sihitaji nyama.

Sasa hilo neno bure. Idara ya misitu huku ina masharti yake, unaruhusiwa kiasi kidogo cha kula nyumbani, ukitaka kuuza lazima kibali. Biashara nayo inataka namba ya kodi, wanaiita AFM, na ukaazi uliokaa sawa. Kadi yangu ya ukaazi iliisha muda, nimeomba upya, mpaka leo natembea na karatasi tu ya kuonyesha kwamba ombi limepokelewa, wakili kala hela yake na simu hapokei, kazini nako kila mwezi wananiuliza kadi iko wapi. Halafu mzigo wa mimea unataka cheti cha afya ya mimea huku na kibali cha kuingiza huko, na hapo nauli ya ndege bado. Piga hesabu mwenyewe uone kama kuna faida.

Kilichoniuma zaidi, shangazi yangu kasema mbele ya watu msibani kwamba hata majani nimewanyima. Majani! Ada za watoto ninazotuma hakuzitaja.

Ila haya ni ya kwangu mimi. Kama uko Athens, karatasi zako ziko sawa na una mtaji, labda kwako itawezekana, kaulize mwenyewe kwenye ofisi ya misitu, usinishike mimi. Na shangazi, kama unaangalia, naomba unipigie tuongee.