Dele la kahawa na nishati zake nne

Wazee wangu, dada zangu na ndugu zangu, hamjambo. Nikija hapa nimepitia Mji wa Kale, nikamkuta muuza kahawa ameteleka dele lake juu ya makaa. Nitaanza na dele hilo, maana somo la leo karibu lote limo humo.

Hapa kando ya bahari maji safi huchemka kwenye nyuzi 100. Kilo moja ikigeuka mvuke yote, inakula kilojuli 2,257 hivi. Sasa sikilizeni vizuri. Mvuke huo unataka nafasi ya karibu mita za ujazo 1.67, na nafasi hiyo tayari ina hewa, kwa hiyo hewa lazima isukumwe. Kuisukuma peke yake kunakula kama kilojuli 170. Zinazobaki, kama 2,087, zinaingia kwenye maji yenyewe, nazo ni ongezeko la nishati ya ndani, U. Jumla ya zote ndilo ongezeko la enthalpia, H = U + PV, ambapo P ni shinikizo na V ni ujazo. Makaa ya muuza kahawa yanalipia enthalpia, kwa sababu dele liko wazi na shinikizo limeshikwa na anga.

Mtungi wa gesi wa jikoni una mambo yake. Chuma kimeufunga ujazo, hewa ya jikoni imeshika halijoto. Humo kinachopungua mpaka mambo yatulie ni nishati huru ya Helmholtz, F = U − TS, ambapo T ni halijoto na S ni entropia, kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika. Zikishikwa halijoto na shinikizo, kinachopungua ni nishati huru ya Gibbs, G = H − TS.

Kila moja ina vigeu vyake vya asili, yaani vipimo viwili inavyopaswa kuandikwa kwavyo: U ina entropia na ujazo, H entropia na shinikizo, F halijoto na ujazo, G halijoto na shinikizo. Wanafunzi wangu hukariri haya kama majina ya vituo vya matatu, na mimi huumia nikiona hivyo. Chukueni gesi kamilifu kama heli: U = 3/2 NkT, ambapo N ni idadi ya chembe na k ni namba isiyobadilika ya Boltzmann. Hesabu ni sahihi, lakini iulizeni shinikizo ni kiasi gani. Haina jibu! Halijoto ni kasi ya U kubadilika kadiri entropia inavyoongezeka. Anayeandika U kwa T ni kama nahodha anayejua mwendo wa jahazi lakini amesahau alitweka tanga bandari gani. F inayo kumbukumbu hiyo, kwa sababu tumetoa TS kabla ya kuiacha entropia. Ukiwa na F kwa T na V, unapata shinikizo, unapata entropia, unapata kila kitu. François Massieu wa Ufaransa alilionyesha hili mwaka 1869: fomula moja, ikiandikwa kwa vigeu vyake, inabeba tabia zote za kitu. Baadaye Gibbs, kule Yale, akajenga juu ya wazo hilohilo.

Turudi kwenye dele. Katika nyuzi 100, G ya kilo ya maji na G ya kilo ya mvuke ni sawasawa: entropia inaongezeka kilojuli 6.05 kwa kila kelvini, zidisha kwa 373, unarudi kwenye 2,257 zetu. Nairobi anga inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko hapa, mvuke unapata nafasi kubwa zaidi na entropia zaidi, usawa ule unawahi kufika. Ndiyo maana kahawa ya kule inachemka karibu nyuzi 95.