Texas na bangi: vijana mnaokuja huku nisikilizeni

Haya ndugu zangu, karibuni tena kwenye chaneli, leo naongea kuhusu bangi hapa Texas na naomba wadogo zangu mnaojiandaa kuja chuo, na kaka zangu mnaotaka kuja kuendesha malori, mnisikilize mpaka mwisho, maana naona huko nyumbani watu wanasema Marekani mjani ni ruksa. Marekani ipi? Kila jimbo lina sheria zake, Colorado ruksa, California ruksa, New Mexico hapo jirani wanauza dukani tangu Aprili 2022, ila ukivuka tu mpaka ukaingia El Paso hiyo ni Texas na hawana mchezo.

Texas kwenye hili wanaenda mwendo wa kinyonga. 2015 Gavana Greg Abbott alisaini sheria ya kwanza, ikawa kwa wagonjwa wa kifafa kile kisichosikia dawa basi, tena dawa yenyewe wakati huo ilikuwa na THC isiyozidi nusu asilimia, hiyo THC ndo inayolewesha. 2019 wakaongeza magonjwa machache, 2021 wakaingiza saratani zote, na maumivu sugu yakaja kuingia 2025, yaani mgonjwa wa maumivu kasubiri miaka kumi. Bunge lao lina kikao cha kawaida kila baada ya miaka miwili, siku 140, wakishindwa kukubaliana mnasubiri tena, na mimi roho inaniuma kwa wagonjwa kabisa.

Sasa kinachowachanganya wageni ni maduka. Hapa Houston unapita unaona taa za kijani, picha ya jani, wanauza pipi, vinywaji, mchana kweupe, mtu anasema si umeona, ruksa hiyo. Hapana. Ile inatokana na sheria ya 2019 ya hempu, ambayo ni mmea uleule wa bangi ila THC yake haizidi asilimia 0.3, wafanyabiashara wakaona mwanya wakaingia. 2025 bunge likapitisha muswada wa kupiga marufuku vyote, naibu gavana Dan Patrick ndo aliusukuma sana, Abbott akaukataa tarehe 22 Juni zikiwa zimebaki dakika chache tu muda wake uishe, halafu Septemba akatoa amri wasiuziwe walio chini ya miaka 21. Na polisi akikusimamisha usiku barabarani, kwa macho hawezi kujua kama ulichobeba ni hempu au bangi, kwa hiyo utaeleza ukiwa na pingu.

Ukikutwa na jani lisilozidi aunsi mbili, kama gramu 56 hivi, ni jela mpaka siku 180 na faini mpaka dola 2,000. Lakini mafuta ya bangi ya vepu, zile sigara za umeme, au pipi za bangi, hata chini ya gramu moja, hilo tayari ni kosa kubwa, siku 180 mpaka miaka 2, faini mpaka dola 10,000! Na biskuti wanaipima nzima nzima, unga na sukari humo humo. Kwa hiyo kijana anayenunua biskuti New Mexico akaona bora hii haina harufu, amejiongezea kesi, na kwenye barabara kuu ya I-10 pale Sierra Blanca, Texas, kuna kizuizi cha Border Patrol, askari wa mpakani wa serikali kuu, na mbwa wao, Willie Nelson mwenyewe alikamatwa pale 2010, mwimbaji ambaye Texas nzima inampenda.

Yeye ni raia. Wewe una viza au grini kadi, na uhamiaji ni serikali kuu, hawaangalii jimbo limeruhusu nini. Wenye grini kadi mna kaupenyo kadogo, kosa moja la kukutwa na gramu 30 au chini kwa matumizi yako halikufukuzishi nchini, ila ukisafiri kwenda kumzika mzazi, kurudi airport ni kesi nyingine, pale kaupenyo hako hakapo. Madereva wa malori ndo kabisa, kipimo chenu cha dawa za kulevya ni cha serikali kuu, hata uvutie Colorado.

Yakikukuta, usikiri chochote mahakamani kabla wakili hajakueleza uhamiaji watakuchukuliaje, hiyo ni haki yako. 2010 Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua hivyo kwenye kesi ya José Padilla, dereva wa lori, kaishi huku miaka 40, kapigana Vietnam, wakili akamwambia asiwe na wasiwasi, akakiri kesi ya bangi, ikawa wanataka kumfukuza. Na hapa Texas watakupa ofa inaitwa deferred adjudication, unakiri, unakaa chini ya uangalizi, ukimaliza kesi inafutwa. Kwa jimbo sawa, imefutwa, lakini uhamiaji wanaihesabu umetiwa hatiani. Mwambie wakili wako neno hilohilo, deferred adjudication, na kama hajui uhamiaji akutafutie anayejua kabla hujashika kalamu.