Yule Kijana wa Bodaboda Hajarogwa

Waliokwisha kunisikia wanivumilie, leo nalirudia lile lile: kuumia ubongo kunaweza kubadili tabia ya mtu. Dereva wa bodaboda kaanguka Mbagala, kaumia kichwa, katibiwa, mshono umekauka, anaongea, namba ya siri ya simu anaikumbuka. Baada ya muda mama mtu anakuja: "Daktari, huyu siye mwanangu. Anatukana wazee, hesabu ya bosi anaila, haya hana." Wajomba wameshahukumu: kachezewa. Nauli ya kwenda kwa mganga imeshachangwa. Kwa vipimo, wanasema hakuna hela!

Sikilizeni. Septemba 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli, Phineas Gage, alikuwa anashindilia baruti kwenye mwamba. Ikalipuka. Mtaimbo wa zaidi ya mita moja, kilo sita hivi, ukaingia chini ya shavu la kushoto ukatokea juu ya kichwa. Hakufa. Alipelekwa mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, kaketi wima, anaongea. Kidonda kikapona. Lakini mtu mtaratibu akageuka wa matusi, hashauriki, leo anapanga hili, kesho kalitupa. Daktari wake, Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walisema huyu si Gage tena. Vermont nako walimroga?

Najua kuna atakayeniambia, "Mbona baadaye alifanya kazi?" Kweli, aliendesha magari ya farasi Chile kwa miaka kadhaa. Mimi hilo linanipa moyo: huenda kazi yenye ratiba ilimsaidia kujirudi. Ndiyo maana nakataa kijana afungiwe chumbani.

Kinachoumia mara nyingi ni sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho. Huko habari za mwili, moyo kwenda mbio, tumbo kukatika, hukutana na maamuzi. Muulize kijana kama kutukana wazee ni vibaya, atakujibu vizuri tu. Anajua, ila halimchomi, na bila hisia hiyo kuamua kunamshinda. Halafu mnaniambia "tumia akili, acha hisia"! Antonio Damasio, daktari na mtafiti wa ubongo, alieleza mgonjwa aliyetolewa uvimbe hapo: vipimo vya akili alifaulu, kuamua mambo ya kila siku kukamshinda.

Nilitaka kuwaeleza na ugonjwa wa Capgras, mtu anaiona sura ya mama yake na kusema huyu ni wa bandia, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi. Mgonjwa akiruhusiwa, ulizeni na habari za tabia, msiulize mshono peke yake. Na helmeti abiria naye avae, afunge mkanda. Kwenye kiwiko haina kazi. Maswali?