Kukutwa Puani Si Kuugua: Kusoma Asilimia za Virusi vya Njia ya Hewa

Habari za asubuhi, wauguzi, matabibu, wenzetu wa maabara, na nyinyi wanafunzi mliojibanza huko nyuma.

Swali la leo ni virusi gani huongoza katika maambukizi ya ghafla ya njia ya hewa. Jibu la haraka ni rinovirusi. Katika mafua ya kawaida, hivi husababisha takriban theluthi moja hadi nusu ya visa vyote. Vina aina zaidi ya 160, na kinga ya aina moja haikukingi vizuri dhidi ya nyingine, ndiyo maana mtu hupona leo akapiga chafya tena mwezi ujao. Baadaye hufuata virusi vya korona vya zamani, yaani 229E, OC43, NL63 na HKU1.

Lakini jibu hilo ni la mafua. Ukihamia wodi ya watoto, orodha inapinduka. Mtoto mchanga anayepumua kwa kasi, kifua kikibonyea chini ya mbavu, mshukiwa wa kwanza ni RSV, kirusi cha njia ya hewa kinachowasumbua zaidi watoto wachanga. Mwenye sauti iliyokauka na kikohozi kama cha mbwa anayebweka, anza na parainfluenza, hasa aina ya 1. Influenza, yaani homa ya mafua makali, huja kwa msimu: wiki moja inajaza maabara, miezi miwili baadaye huioni.

Utafiti wa PERCH, uliochapishwa mwaka 2019, ulifanyika katika nchi 7: Bangladesh, Gambia, Kenya, Mali, Afrika Kusini, Thailand na Zambia. Uliwachukua watoto wa miezi 1 hadi 59 waliolazwa kwa nimonia kali. Miongoni mwa wasio na VVU ambao picha ya eksirei ilionyesha kasoro, virusi vilikadiriwa kusababisha takriban asilimia 61 ya visa na bakteria asilimia 27. RSV pekee ilibeba asilimia 31 hivi. Hakuna kimelea kingine kilichoikaribia.

Nguvu ya utafiti huo ni kwamba pamoja na wagonjwa, walipimwa pia watoto wa mitaa ile ile wasio na nimonia. Hapo ndipo ripoti nyingi zinapoanguka. Kipimo cha PCR kinatafuta vinasaba tu. Hakijui kama kirusi kiko hai, kimeingia jana, au ni mabaki ya mafua ya wiki tatu zilizopita. Rinovirusi hukutwa kwa watoto wengi wazima kabisa, yaani wasio wagonjwa. Adenovirusi hujificha kwenye mafindofindo kwa miezi. Bokavirusi, vilivyotambuliwa mwaka 2005, mara nyingi hukutwa pamoja na kirusi kingine, na ni vigumu kujua nani mwenye kosa.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme rinovirusi vimekutwa kwa wagonjwa 25 kati ya 100, na kwa wazima 20 kati ya 100. Kwa wagonjwa, gawanya 25 kwa 75, unapata 0.33. Kwa wazima, 20 kwa 80, unapata 0.25. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 1.33. Sasa toa 1 gawanya kwa 1.33 kutoka kwenye 1, unabaki na 0.25. Maana yake, robo tu ya wale 25, yaani takriban wagonjwa 6, ndio unaoweza kusema wameugua kwa sababu ya kirusi hicho. Rudia kwa RSV: 25 kwa wagonjwa, 2 kwa wazima. Uwiano unapanda hadi zaidi ya 16, na takriban 23 kati ya 25 ni wake kweli. Asilimia 25 zile zile kwenye jedwali, lakini uzito wake ni tofauti kabisa. Bila kundi la wazima, usingeliona hilo.

Mtego wa pili ni nani aliyepimwa. Vituo vingi hufuata tafsiri ya Shirika la Afya Duniani ya nani ahesabiwe mgonjwa wa kupimwa: homa ya nyuzi 38 au zaidi, pamoja na kikohozi, vilivyoanza ndani ya siku 10. Tafsiri hiyo iliandaliwa kwa ajili ya influenza, na kwa influenza inafaa. Lakini watoto wachanga wengi wenye RSV hawana homa, na mafua ya rinovirusi kwa mtu mzima mara nyingi hayapandishi joto. Ukidai homa mlangoni, influenza itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa ufuatiliaji wa RSV, sharti la homa huondolewa.

Sasa sampuli, maana hapa takwimu huharibika kimyakimya. Kijiti kipite sakafuni mwa pua, kikielekea sikioni wala si juu kuelekea jichoni, hadi kigote nyuma ya pua. Kizungushe taratibu, kiache sekunde chache kinyonye. Ukiishia tunduni, umechukua kamasi bila seli za kutosha. Vijiti vya mti na vile vya alginati ya kalsiamu viepukwe, kwa kuwa vinaweza kuzuia PCR. Tumia nailoni au poliesta. Tia kwenye kimiminika cha kusafirishia, weka nyuzi 2 hadi 8, ifike maabara ndani ya saa 72. Ikizidi hapo, gandisha kwa nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kawaida inayozimwa na kuwashwa ni balaa: kila sampuli inapoyeyuka na kuganda tena, RNA, yaani vinasaba vya virusi hivi, inapungua.

Maabara nayo ipime jeni la binadamu, kwa kawaida RNase P, ndani ya kila sampuli. Jeni hilo lisipoonekana, jibu si "hasi". Jibu ni "rudia". Kwa watu wazima kumbukeni pia kwamba RSV hutoka puani kwa kiasi kidogo, hivyo pua pekee huikosa mara nyingi. Makohozi yakiongezwa, visa huongezeka.

Mkipokea ripoti, angalieni safu tatu kabla ya kunukuu chochote: umri, miezi iliyopimwa, na orodha ya virusi vilivyotafutwa. Kipimo kisichotafuta metanyumovirusi, kundi jingine la virusi vya njia ya hewa, hakiwezi kusema havipo. Vipimo vingi haviwezi kutenganisha rinovirusi na ndugu zao enterovirusi, basi jibu huandikwa kwa pamoja. Na mkijumlisha asilimia zikavuka 100, msidhani mwandishi hajui hesabu: mgonjwa mmoja anaweza kuwa na virusi viwili au vitatu, na amehesabiwa kwenye kila safu.

Karibuni kwa maswali.